Kubadilisha filta ya hewa ya ndani ya Tesla Model 3 kwa mikono yako mwenyewe

Siku niliyoamua kuifanya kazi hii mwenyewe nilikuwa nimempakia bibi mmoja wa Mombasa, aliyekuja huku Minnesota kuwatazama wajukuu zake. Nilipowasha kiyoyozi alinyamaza kidogo, akauvuta ushungi puani, kisha akasema kwa upole: “Mwanangu, gari lako zuri, ila lanuka kanga iliyokunjwa mbichi.” Alisema kweli. Mimi nilikuwa nimeizoea harufu ile kiasi kwamba sikuisikia tena, na gari lilikuwa na miaka mitatu bila kuguswa filta.

Harufu hiyo haitoki kwenye filta peke yake, na ni vizuri kulielewa jambo hili kabla ya kufungua chochote. Hewa inayoingia ndani ya gari huvutwa na feni kutoka sehemu ya chini ya kioo cha mbele, ikapita kwenye filta, kisha ikapita katikati ya mapezi membamba ya alumini ya kile mafundi wanachokiita evaporeta, ambako hupoozwa. Hewa yenye joto inapokutana na chuma baridi huacha maji, kama glasi ya maji ya barafu inavyotoa jasho mezani. Gari linapozimwa, maji yale hubaki pale gizani pamoja na vumbi na chembe za majani zilizopenya, na kuvu huota. Kwa hiyo mtu anayebadilisha filta na kuiacha evaporeta ilivyo amefanya nusu ya kazi, naye atashangaa harufu ikirejea baada ya wiki chache.

Maelezo yangu yanahusu Tesla Model 3 iliyotengenezwa kati ya 2017 na 2023, yenye usukani upande wa kushoto, kwa sababu ndilo gari ninaloliendesha na nimelifanyia kazi hii zaidi ya mara moja. Toleo lililofanyiwa mabadiliko makubwa, ambalo liliingia Amerika Kaskazini mwanzoni mwa 2024, lifuate kitabu chake. Mwenye gari la umeme la aina nyingine atakuta filta imewekwa mahali pengine, mara nyingi nyuma ya kisanduku cha dashibodi, lakini tahadhari kuhusu feni, evaporeta na waya za chungwa zinamhusu vilevile.

Filta za Model 3 ni mbili, na huuzwa kwa jozi ambayo mara nyingi haifiki dola 50. Chagua zenye kaboni, ambazo utazitambua kwa rangi yake ya kijivu kilichokolea, kwa kuwa kaboni hunasa harufu, ikiwemo ya moshi, ambayo karatasi nyeupe ya kawaida huipitisha. Tulioshuhudia moshi wa mioto ya misitu ya Kanada ukitufunika mwezi Juni 2023 hatuhitaji kushawishiwa juu ya hilo. Pamoja na filta, andaa bisibisi ya nyota ya saizi T20, kipande cha plastiki cha kubandulia vifuniko (kile cha chuma kitakwaruza), tochi ya kuvaa kichwani, glavu, barakoa na kitambaa cha zamani. Ukikusudia kusafisha evaporeta, nunua pia kopo la povu lililotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo, lenye mpira mwembamba wa kupulizia. Sabuni ya vyombo na dawa za kusafishia bafu zisikaribie mahali hapo, kwa sababu utakachokinyunyiza leo ndicho utakachokivuta puani kesho.

Kuzima gari la umeme si jambo la kugeuza ufunguo, na hapa ndipo nilipoteleza mara ya kwanza. Nilizima kiyoyozi kwenye skrini, nikafungua kila kitu, nikazitoa filta, nikawa nimeinamisha kichwa ndani ya uwazi nikimulika kwa tochi. Ghafla feni ikanguruma na vumbi la miaka mitatu likanijia usoni. Mama watoto, aliyekuwa jikoni bila kujua nimefika wapi, alikuwa amewasha kiyoyozi kwa simu yake ili gari liwe limepoa atakapotoka kwenda sokoni. Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu: nazima kiyoyozi kwenye skrini, nahakikisha kinga ya joto la ndani imezimwa pamoja na ratiba yoyote ya kulipasha au kulipoza gari kabla ya safari, nawaambia wote wenye programu ya gari kwenye simu zao wasiiguse kwa saa moja, ndipo naingia kwenye menyu ya usalama na kulizima gari kabisa. Baada ya hapo usikanyage breki wala kugusa skrini, kwani gari litaamka tena. Huna haja ya kuchomoa betri.

Sukuma kiti cha abiria wa mbele nyuma kabisa kabla ya kulizima gari, kwa kuwa kiti hicho huendeshwa kwa umeme, kisha toa kapeti la miguuni. Lala chali au piga magoti nje ya mlango, utazame juu chini ya dashibodi. Utaona kifuniko cha plastiki kilicholala kama dari juu ya miguu ya abiria. Kimeshikwa na klipu za kubana tu. Ingiza kipande chako cha plastiki ukingoni karibu na klipu, vuta chini kidogo kidogo, uhamie klipu inayofuata. Kikishaachia usikivute kwa nguvu, kwa sababu kimeunganishwa na soketi mbili za waya, mojawapo ikiwa ya taa ya miguuni. Bonyeza kidole cha kila soketi, ichomoe, ukiweke kifuniko kando.

Sasa geukia ubavu wa konsoli ya katikati, yaani ile sehemu iliyo kati ya dereva na abiria, upande wa abiria. Ubavu huo umefunikwa na bamba refu ambalo nalo limeshikwa na klipu. Anzia juu ukishuka chini, na ulivute kuelekea upande wako, yaani kuelekea mlango wa abiria, si kuelekea chini. Klipu zitatoa mlio mkali unaomtia hofu kila mtu mara ya kwanza. Mlio huo ni wa kawaida. Kinachovunja klipu ni pupa ya kulivuta bamba kutoka pembe moja huku nyingine bado zimeshika. Mimi nilivunja moja kwa namna hiyo, na bamba likawa linatikisika kwenye barabara mbovu hadi nilipopata klipu nyingine. Angalia pia kama kuna klipu iliyobaki kwenye tundu lake badala ya kutoka pamoja na bamba. Itoe na uirudishe kwenye bamba kabla ya kufunga.

Bamba likishatoka utaona kasha jeusi la plastiki la mfumo wa hewa, na juu yake kifuniko chembamba kilichosimama wima, kilichofungwa kwa skrubu moja ya T20. Ukiona waya au soketi yenye rangi ya chungwa mahali popote karibu na hapo, iache. Rangi hiyo ni alama ya umeme mkubwa wa gari, na magari ya mwanzo, ambayo hupasha hewa kwa hita ya umeme iliyomo humo ndani, yana waya wa namna hiyo upande huo. Kazi yetu haihitaji kuigusa, kuisogeza wala kuifungua. Fungua skrubu ukiwa umeweka kiganja chini yake, kwa maana ikiangukia kwenye zulia jeusi utaitafuta mpaka magharibi, kisha toa kifuniko.

Ndani utaona filta ya juu ikiwa na ulimi mdogo uliokunjwa. Ukunjue, uushike, uvute filta moja kwa moja kuelekea kwako. Kabla haijatoka yote, tazama mshale uliochorwa ubavuni na upige picha. Filta ya chini ipo chini yake kwenye njia hiyo hiyo: ishike ulimi wake, ipandishe hadi ilipokuwa ya juu, halafu uivute nje. Zote mbili zitapinda wakati wa kutoka kwa sababu nafasi ni finyu. Hilo halina neno kwa filta unayoitupa. Zitie moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki. Yangu ya kwanza ilikuwa na majani makavu, mbegu za mti wa jirani, na bawa la nyuki.

Kuna desturi ya gereji nyingi za nyumbani ya kuipuliza filta kwa kompresa na kuirudisha. Kwa filta ya injini ya dizeli ya lori linalopita kwenye vumbi ninaielewa hesabu yake, ingawa hata huko sipendezwi nayo. Kwa filta hii haifai hata kidogo. Upepo wa kompresa hutoboa matundu yasiyoonekana kwa macho, chembe ndogo zilizojikita ndani hazitoki, na kaboni iliyokwisha kushiba harufu haifufuki kwa upepo wala kwa maji.

Njia ikiwa wazi, mulika ndani. Upande ule ambao mshale wa filta ulielekea, yaani nyuma ya gari, ndiko hewa inakokwenda na ndiko evaporeta iliko: ukuta wa mapezi membamba yaliyobanana kama kurasa za kitabu. Usiyaguse kwa kidole. Yanakata, na yenyewe hupinda kwa mguso mdogo tu. Ukiona majani yamenasa, yatoe taratibu kwa kibano. Kisha tandaza kitambaa chini ya uwazi, ingiza mpira wa kopo la povu, na upulize ukiuelekeza kwenye mapezi, kuanzia juu kushuka chini, ukiuepusha na upande wa feni na waya zozote. Usimwage kopo zima kwa mara moja. Povu huhitaji muda wa kuyeyuka na kuteremka, nami huliacha kwa muda ulioandikwa kwenye kopo na kuongeza dakika kumi. Maji machafu yatatoka yenyewe chini ya gari kupitia bomba lile lile linalodondosha maji ya kiyoyozi siku za joto, kwa hiyo fanya kazi hii mahali ambapo tope la rangi ya chai halitaleta ugomvi na mwenye nyumba. Povu likirudi nyuma na kutokea kwenye uwazi badala ya kushuka, acha kupuliza. Bomba la maji huenda limeziba, na hilo linahitaji kushughulikiwa kwanza.

Subiri mpaka udondoshaji ukome kabla ya kuweka filta mpya. Filta ya kaboni ikilowa siku ya kwanza umeiharibu.

Andika tarehe na kilomita au maili za gari kwenye fremu ya kila filta kwa kalamu ya wino mzito. Mishale ya zote mbili ielekee nyuma ya gari. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa watu walioniomba niwaangalizie, kwani filta huingia vizuri kabisa hata ikigeuzwa. Ingiza ya kwanza, iteremshe hadi ikae chini, kisha ingiza ya pili juu yake. Filta mpya ni ngumu kidogo kuliko uwazi wake, hivyo huna budi kuipinda kwa upole inapopita. Ikikwama, itoe uanze upya badala ya kuisukuma kwa bisibisi. Kunja ndimi zake zilale bapa, rudisha kifuniko, na ukaze skrubu hadi ishike tu. Uzi wake umechongwa kwenye plastiki, na plastiki haina msamaha.

Rudisha bamba la ubavu ukilinganisha kila klipu na tundu lake, ndipo ulipigepige kwa kiganja. Chomeka soketi mbili, pandisha kifuniko cha chini ya dashibodi, na uhakikishe ukingo wake wa mbele umeingia vizuri, la sivyo utamgonga abiria magotini siku isiyo na jina.

Liamshe gari, fungua milango yote minne, weka feni kwenye kasi ya juu kabisa ikivuta hewa ya nje, na uiache dakika kumi bila wewe kukaa ndani. Harufu ya dawa mwanzoni ni ya kawaida. Ukisikia mluzi mwembamba unaoongezeka pamoja na kasi ya feni, kifuniko cha filta hakikukaa sawa. Mara ya kwanza kazi yote, ukiondoa kusubiri povu, ilinichukua karibu saa moja. Siku hizi hainifikishi nusu saa.

Mtengenezaji anapendekeza filta hizi zibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwa anayebeba abiria kutwa nzima, au anayeegesha chini ya miti, mimi ningefanya kila mwaka. Dakika chache kabla ya kufika nyumbani, zima ubaridi lakini uiache feni ikipuliza hewa ya nje, ili evaporeta ikauke kabla ya kulala. Na ukisikia feni ikivuma yenyewe baada ya kushuka na kufunga milango, usidhani gari limeharibika: matoleo ya programu ya miaka ya karibuni huikausha evaporeta hivyo yenyewe.