Mbwa wa maonyesho hanenepeshwi, hujengwa

Maonyesho yakibaki wiki mbili, mwenye mbwa huanza kuongeza sufuria. Ugali unaongezwa, maziwa yanaongezwa, kijiko cha mafuta juu, ili mbwa aingie ringini akionekana ameshiba. Anachopata ni tumbo na tabaka la mafuta juu ya mbavu, na jaji akiweka mkono mara moja tu anajua kilichofanyika. Kwa wanaopeleka mbwa kwenye maonyesho ya East Africa Kennel Club jijini Nairobi, hasa wafugaji wa German Shepherd ambao ni wengi, kazi ya uzito inapaswa kuanza miezi 3 kabla.

Kwa kipimo cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, dume wa German Shepherd husimama sentimita 60 hadi 65 begani na kuwa na kilo 30 hadi 40. Jike ni sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Tazama upana huo: kilo 10 nzima. Dume wa kilo 34 mwenye mifupa myembamba anaweza kuwa sawasawa, na mwenzake wa kilo hizohizo mwenye mifupa mizito akawa amekonda. Ndiyo maana swali la "mbwa wangu awe na kilo ngapi?" halina jibu la kwenye simu. Jaji hapimi kilo. Anaangalia mwendo, mgongo na misuli, kisha anapapasa.

Mkono kwanza, mizani baadaye

Kunja ngumi, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Mbavu za mbwa zikihisika hivyo, amekonda. Sasa nyoosha mkono na upapase mgongo wa kiganja, pale mifupa inapohisika chini ya ngozi bila kuchomoza: hapo ndipo unapotaka. Geuza kiganja, bonyeza nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ikiwa mbavu zimejificha namna hiyo, mbwa amenenepa, hata kama majirani wanamsifu.

German Shepherd ana manyoya mazito na macho hudanganyika, kwa hiyo papasa kila wiki, siku ileile. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane nyuma ya mbavu. Ukimtazama ubavuni, tumbo lipande kidogo kuelekea miguu ya nyuma. Madaktari wa mifugo hutumia alama za hali ya mwili kuanzia 1 hadi 9, na mbwa wa maonyesho akae kwenye 4 au 5.

Mizani bado ina kazi yake, ya kukuonyesha mwelekeo. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi, ile ya kukanyagia, inafaa kabisa. Mpime asubuhi kabla ya kula, akishajisaidia, na uandike.

Aliyekonda: tafuta sababu kabla ya kuongeza chakula

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mbwa anakula vizuri na hanenepi, mwenyewe ananunua chakula cha bei zaidi, na tatizo linabaki tumboni. Anza na minyoo. Peleka kinyesi kikapimwe, kisha tumia dawa ya mbwa kwa kipimo cha uzito wake. Tafadhali usimdunge ivermectin ya ng'ombe kwa kukadiria. Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, na jamii zake, na hata baadhi ya German Shepherd, hubeba kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na kipimo kikubwa kinaweza kuua.

Kupe ni wa pili. Ugonjwa wa babesia na ule wa ehrlichia humkondesha mbwa, humchosha na hufanya ufizi wake upoteze rangi. Fungua mdomo: ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mweupe, hiyo si kazi ya chakula, ni kazi ya daktari, na leo.

Kuna pia jambo linalohusu jamii hii zaidi ya nyingine. German Shepherd mchanga anayekula kama ana njaa ya mwaka mzima, anakonda, na kutoa kinyesi kingi, laini, cha rangi hafifu chenye mafuta, huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kusaga chakula. Hutambuliwa kwa kipimo cha damu na hutunzwa kwa kumchanganyia vimeng'enya hivyo kwenye chakula maisha yake yote. Kwa kuwa kasoro hii hurithiwa, mbwa wa namna hiyo asizalishwe, hata awe na kichwa kizuri namna gani.

Chakula

Dume wa kilo 34 ambaye hajahasiwa na anayefanya mazoezi ya wastani huhitaji takriban kilokalori 1,750 kwa siku. Chakula kikavu cha dukani chenye kilokalori 370 kwa gramu 100 kitakuwa kama gramu 470, gawanya mara 2. Hiyo ni pa kuanzia tu, maana mbwa hutofautiana. Aliyekonda aongezewe sehemu moja ya kumi, kisha subiri wiki 2 kabla ya kugusa tena kipimo. Wengi hawana subira ya wiki 2, na hapo ndipo kuharisha kunapoanza.

Anayetakiwa kupungua apoteze asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa mbwa wa kilo 42 ni gramu 400 hadi 800 hivi. Kumtoa 42 hadi 37 kutachukua kati ya mwezi mmoja na nusu na miezi 3. Ukimnyima chakula ghafla, misuli ndiyo hutangulia kwenda, na utampeleka ringini mbwa mwepesi mwenye nyonga zilizobonyea.

Wanaopika nyumbani wasione haya. Ugali wenye dagaa, mayai ya kuchemsha na nyama si chakula kibaya, ila ugali usiwe zaidi ya nusu ya sufuria na dagaa waoshwe mchanga na chumvi. Kwa wanaopika kila siku, daktari aongeze madini na vitamini, kwani nyama pekee haina kalsiamu ya kutosha. Kinyume chake, mtoto wa mbwa mkubwa anayekula chakula kamili cha dukani asiongezewe kalsiamu: ikizidi huharibu mifupa inayokua.

Mahindi ya mbwa ndiyo yananitia wasiwasi zaidi. Yaliyoota ukungu, yanayokataliwa na watu, huishia kwenye sufuria ya mbwa, na sumukuvu haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mbwa huathirika nayo vibaya kwenye ini. Ikiwa hungesonga ugali wako kwa unga huo, usimsongee mbwa.

Mabaki ya mchuzi yaachwe pia, kwa sababu kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu. Mapafu na maini mabichi ya kondoo au mbuzi, hasa yenye vifuko vya maji, yasimfikie mbwa: humwambukiza tegu anayerudi kwa watu kama uvimbe wa ini, ugonjwa ambao Turkana wanaujua vizuri mno.

Mazoezi ndiyo yanayotengeneza umbo

Chakula kinaleta kilo, lakini anayeamua kilo hizo zikae wapi ni mwendo. Kutembea polepole na mnyororo hakutoshi, na kumwacha akimbie uwanjani peke yake ni mchezo tu. Unachotaka ni mwendo wa mchapuko ulio sawa, ule ambao mguu wa mbele wa upande mmoja huenda pamoja na wa nyuma wa upande wa pili, kwa dakika nyingi mfululizo. Baiskeli inasaidia sana. Anza na kilomita 1 au 2, siku 3 kwa wiki, uongeze kidogokidogo hadi afike 6 au 7 bila kuhema kupita kiasi. Barabara ya murram ni bora kuliko lami: inasaga kucha, inakomaza nyayo, haichomi. Mlima mdogo wa kupanda kwa hatua ndio unaojaza mapaja ya nyuma, sehemu ambayo German Shepherd wengi wa mjini hawana.

Toka kabla ya jua kupanda. Msubiri saa 1 kabla ya kumlisha, na akishakula asikimbie kwa saa 2 au zaidi, kwani mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujipinda, na hiyo huua ndani ya saa chache. Aliye chini ya miezi 18 asikimbizwe kilomita hizo, mifupa haijafunga.

Badiliko la misuli huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na mizani inaweza isisogee kabisa wakati mkono wako unakuambia mambo yameenda vizuri. Amini mkono. Nao wanaodhani mbwa mwembamba kidogo anadhulumiwa wakumbuke utafiti wa mbwa 48 wa aina ya Labrador uliochapishwa Marekani mwaka 2002: waliolishwa robo pungufu ya ndugu zao waliishi karibu miaka 2 zaidi.

Wiki ya mwisho usibadilishe chakula wala usimwongezee mazoezi. Siku mbili za mwisho ni matembezi mafupi tu. Asubuhi ya maonyesho mpe nusu ya mlo wa kawaida saa 3 au 4 kabla ya zamu yake, beba maji ya nyumbani kwenye chupa, na mtembeze ajisaidie kabla hamjaitwa ringini. Dume akiwa karibu na jike aliye joto hali kitu hata umpikie nyama, kwa hiyo uliza mapema nani yuko kwenye banda la jirani.