Somo: Kuinua gari la 4x4 na kubadili matairi nchini Australia bila kuvunja sheria

Nimeandika somo hili kwa sababu swali la kiasi gani cha kuinua gari kinaruhusiwa limeulizwa mara nyingi mno, nami nimelijibu kwa vipande vipande mpaka watu wameanza kushika kipande kimoja na kuacha kingine. Tafadhali lisome lote kabla ya kuuliza.

Msingi wa sheria ni waraka wa kitaifa unaoitwa VSB 14, na sehemu yake ya LS ndiyo inayohusu matairi, rimu, springi na usukani. Waraka huo peke yake hausajili gari. Usajili uko mikononi mwa jimbo, na jimbo lina haki ya kuongeza masharti yake, kwa hiyo gari lililokubaliwa jimbo moja linaweza kuulizwa maswali likihamia jingine.

Hatua ya 1. Fungua mlango wa dereva, tafuta kibandiko cha matairi, na uandike saizi, uwezo wa kubeba mzigo na alama ya mwendo (kasi ya juu ambayo tairi linaruhusiwa kwenda).

Hatua ya 2. Piga hesabu ya kipenyo cha tairi. Kwa gari la 4x4 la nje ya lami, tairi jipya lisizidi milimita 50 za kipenyo juu ya tairi kubwa zaidi ambalo mtengenezaji ameliidhinisha kwa gari hilo, wala lisipungue kwa zaidi ya milimita 26. Chukua 265/65R17, yaani tairi la upana wa milimita 265: rimu ya inchi 17 ni milimita 431.8, na ukuta wa tairi ni asilimia 65 ya 265, mara mbili, yaani 344.5, jumla ni 776.3. Ukiweka 275/70R17 unapata 816.8, ambayo ni nyongeza ya 40.5, nayo inakubalika. Ukiweka 285/70R17 unapata 830.8, nyongeza ya 54.5, na umeshavuka mpaka kwa milimita nne na nusu. Uwezo wa mzigo wa tairi jipya usiwe chini ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko.

Hatua ya 3. Rimu pana zikisogeza magurudumu nje, umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia usiongezeke kwa zaidi ya milimita 50, yaani 25 kila upande, na tairi lisichomoze nje ya madigadi.

Hatua ya 4. Pima urefu wa gari, yaani kimo chake kwenda juu, kabla na baada ya kubadili springi. Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Nilinunua springi zilizoandikwa kuwa zinainua milimita 50, nikaamini maandishi, nikazifunga, nikaendesha. Sikutambua kwamba springi za mbele zilikuwa zimetengenezwa kwa gari lenye bampa la chuma na winchi, ilhali langu lilikuwa na bampa la kiwandani. Springi ngumu isiyopata mzigo wake hailali, hubaki imesimama. Gari lilipokaguliwa, upande wa mbele ulikuwa umepanda milimita 68. Nilipewa ilani ya kasoro, nikafungua kila kitu, nikanunua springi nyingine, nikalipia upangaji wa magurudumu mara ya pili, na kwa muda wote huo sikuwa na ruhusa ya kulitumia gari barabarani. Ingenitosha futi kamba na dakika kumi.

Pima hivi: simamisha gari mahali tambarare, lisogeze mbele na nyuma kidogo ili springi zikae, kisha pima wima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu ukipima hivyo tairi jipya na upepo wake vinaingia katika hesabu na hutajua springi imefanya nini. Andika vipimo vya magurudumu yote manne na upige picha. Vilevile, usichukue gari lenye springi zilizochoka kuwa ndicho kipimo cha mwanzo. Kinachohesabiwa ni urefu aliouweka mtengenezaji. Na ukiwa na mpango wa kufunga bampa zito mwakani, nunua springi ya mzigo ulio nao leo.

Katika majimbo kama New South Wales na Queensland, milimita 50 kutoka kwenye springi pamoja na 25 zinazotokana na matairi, jumla 75, ndicho kiwango ambacho watu wengi hukaa ndani yake bila kuhitaji cheti cha mhandisi. Yasome masharti ya jimbo lako mwenyewe.

Hatua ya 5. Linda mwendo wa springi, yaani umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Sheria inataka angalau theluthi mbili za mwendo wa awali zibaki, wa kupanda na wa kushuka. Tuseme gurudumu lako lilikuwa linashuka milimita 90 kabla ya shokapu kufika mwisho. Ukiinua gari 50 na kubaki na shokapu za zamani, zimesalia 40, wakati zinatakiwa 60. Urefu ni halali, gari si halali. Ndiyo maana shokapu ndefu si pambo. Shusha gurudumu mpaka mwisho wa mwendo wake na uangalie kwamba paipu za breki hazivutiki.

Hatua ya 6. Bloku za kuinua bodi juu ya chesisi zinaingia katika jumla ya urefu, na zinaathiri shafti ya usukani na mpira wa kujazia mafuta. Zungumza na mhandisi kabla ya kulegeza bolti ya kwanza.

Hatua ya 7. Ukizidi kiwango, tafuta mhandisi aliyeidhinishwa (New South Wales mfumo unaitwa VSCCS, Victoria ni VASS) kabla ya kununua vifaa, kisha iarifu bima yako kwa maandishi.

Maswali ya wanachama

*Habari ndugu. Je, 285/70R17 inaruhusiwa kwenye gari langu?*

Hujasema kibandiko chako kimeandikwa nini. Rudi hatua ya 1 na ya 2.

*Kaka, rafiki yangu ameinua inchi nne miaka mitatu sasa na hajawahi kusimamishwa. Naona unatia watu hofu bure.*

Sijaandika kuhusu uwezekano wa kukamatwa, nimeandika kuhusu sheria. Rafiki yako akigonga mtu, mkaguzi wa bima atapima gari lake kwa futi kamba ileile. Sitajadili zaidi.

*Mwalimu, asante kwa somo. Sijaelewa jambo moja: tairi likiongezeka milimita 50, gari hupanda 25 tu. Kwa nini basi sheria ipime kipenyo na si kupanda kwenyewe?*

Swali zuri sana. Gari hukaa juu ya nusu ya tairi, ndiyo maana linapanda 25, lakini madhara mengine yanafuata tairi zima. Tairi kubwa hukwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na breki zilezile zinalazimika kulisimamisha kwa mkono mrefu zaidi, yaani umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ardhini. Spidomita nayo hudanganyika: kutoka 776.3 hadi 816.8 ni ongezeko la asilimia 5.2, kwa hiyo kama ilikuwa ikisoma sawasawa, sasa ikisema 100 wewe uko 105. Kanuni ya spidomita kwa magari ya sasa inaruhusu isome zaidi ya mwendo halisi, hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake, lakini hairuhusu kamwe isome pungufu. Linganisha na GPS kwenye barabara iliyonyooka baada ya kubadili matairi.

*Nami niongeze swali: naweza kutumia spesa nipate upana bila kununua rimu?*

VSB 14 hairuhusu spesa, yaani bamba la kusogeza gurudumu nje, kati ya rimu na habu, isipokuwa kama gari lilitoka nazo kiwandani. Tafuta rimu yenye ofseti inayofaa (ofseti ni umbali, kwa milimita, kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu; ikipungua, gurudumu linatoka nje): kutoka +45 hadi +20 ni milimita 25 kila upande, na hapo umefika mwisho wa ruhusa.

*Mimi nimemaliza hatua zote na vipimo vimekaa vizuri, ila magari yanayokuja usiku yananiwashia taa.*

Hongera kwa vipimo. Ulipoinua mbele, mwanga wa taa ulipanda pamoja na pua ya gari. Simama mbele ya ukuta mahali tambarare, ukiwa na mzigo wako wa kawaida, ushushe taa kwa skrubu zake, au uombe karakana iliyopanga magurudumu ikupangie na taa. Kama gari lina kamera au rada ya kusaidia breki, waambie waikague siku hiyohiyo, kwa kuwa nayo imepanda na sasa inatazama mahali pengine.