Mguu wa klachi: namna ya kuitambua siatika na kumtumia tabibu wa kiropraktiki

Ilinianzia Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye foleni iliyokuwa imesimama tangu saa nane za usiku. Kulipokucha nikafungua mlango wa kebini nikaruka chini, kama nilivyoruka kwa miaka 22 ya kuendesha trela. Miguu ilipogusa lami, kitu kama waya wa moto kikapita kutoka tako la kushoto, kikashuka nyuma ya paja, kikazunguka shavu la mguu na kuishia kwenye kidole gumba. Nikajishikiza kwenye tairi. Tanboi wangu, msaidizi wa safari, akaja mbio: "Mzee, umekanyaga nini?" Sikuwa nimekanyaga kitu.

Niliumwa miezi mitano. Mitatu ya kwanza ilipotea bure kwa sababu sikujua kinachoniuma wala nani wa kumwendea. Nawaandikia madereva wenzangu wa Malaba, Kampala na Elegu, na mama anayekaa kutwa kwenye kigoda sokoni, na fundi cherehani, ili wao wasiipoteze miezi hiyo.

Mguu unalia, aliyebanwa ni mgongo

Siatika ni jina la maumivu yanayofuata njia ya neva moja. Neva hiyo inaanza kama mizizi kadhaa inayotoka sehemu ya chini ya kiuno na kwenye mfupa wa kitako. Mizizi inaungana kuwa neva nene kama kidole, nene kuliko zote mwilini. Inapita ndani ya tako, inashuka nyuma ya paja, na karibu na goti inagawanyika kuelekea wayo. Ukiibana kule juu, maumivu unayasikia huku chini. Ndiyo maana nilikanda mguu kwa mafuta ya moto wiki nzima na hakuna kilichobadilika: nilikuwa nakanda mahali pasipo na shida.

Mara nyingi kinachobana ni diski. Kati ya pingili na pingili kuna mto mdogo wenye ganda gumu nje na ute mzito ndani. Ganda likipasuka, ute unasukumwa nje na kugusa mzizi wa neva. Kwa wazee huenda njia ya neva imekuwa nyembamba, au pingili moja imeteleza juu ya mwenzake. Na wapo ambao msuli wa ndani ya tako ndio unaikaba neva. Hapa niulize: pochi yako unaiweka wapi? Yangu, na risiti zake zote, ilikuwa mfuko wa nyuma upande wa kushoto, nikiikalia saa kumi kwa siku.

Unaweza kujipima nyumbani. Lala chali, mtu akuinue mguu unaouma, goti likiwa limenyooka, polepole. Kama kabla ya mguu kusimama wima maumivu yanachapa kupita goti kwenda chini, dalili inaelekea siatika. Kama ni nyama za nyuma ya paja tu zinazokaza, huenda ni misuli. Kisha tembea hatua kumi kwa visigino, na kumi nyingine kwa ncha za vidole. Wayo ukikataa kuinuka, au kisigino kikakataa kutoka chini, neva inaanza kushindwa kazi, na hapo usikae nyumbani.

Tulipokosea

Zahanati moja ya barabarani ilinichoma sindano ya maumivu kwenye tako lilelile linalouma. Nilipata nafuu ya siku mbili, nikarudi kuchomwa tena, na tena. Hakuna aliyeniuliza habari za vidonda vya tumbo wala presha, ilhali dawa za jamii ya diklofenaki zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Na tako ndiyo njia ya neva yenyewe. Hapa Uganda sindano za matakoni, hasa za kwinini, zimewaacha watoto na miguu iliyolemaa. Ukiandikiwa dawa, uliza kama kuna vidonge.

Baada ya hapo nikapelekwa kwa jamaa anayesifiwa kwa kunyoosha migongo. Alinilaza kifudifudi akapanda mgongoni kwa miguu yake yote miwili. Niliinuka na ganzi ambayo haikuwapo asubuhi. Siku zile sikuweza kurukuu msikitini; kuinama hata kidogo kulikuwa kama kuchomwa msumari, nikawa naswali nimesimama, nikiashiria kwa kichwa.

Tabibu aliyeanza kwa kuuliza

Binti yangu, anayesomea uuguzi Mbale, ndiye aliyenitafutia tabibu wa kiropraktiki Kampala. Wataalamu hawa hutibu mgongo na maungio kwa mikono. Kazi yao ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer huko Davenport, Marekani. Palmer aliamini kwamba karibu kila ugonjwa unatokana na pingili zilizokaa vibaya. Sayansi haikumuunga mkono kwa hilo, kwa hiyo ukikutana na anayedai kuponya sukari, presha au pumu kwa kukuminya mgongo, ondoka. Kwa kiuno na siatika, tiba hiyo inawasaidia baadhi ya watu, msaada wa kiasi, na mimi ni mmojawao.

Uliza alisomea wapi na kwa muda gani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, lilitaja masomo yasiyopungua saa 4,200 katika miaka minne, na ndani yake saa 1,000 za kutibu wagonjwa chini ya msimamizi. Mtu aliyejifunza kwa wiki mbili kutoka kwenye video hafai kuushika mgongo wako.

Tabibu huyo, dada mpole, hakunigusa kwa muda mrefu. Aliuliza. Swali lake la tatu lilinishtua: "Mzee wangu, mkojo unatoka vizuri? Ukijipangusa chooni unasikia mkono wako?" Niliona haya kujibu. Akanieleza kwa upole kwa nini anauliza, na maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu ndiyo yaliyo muhimu kuliko yote.

Kama una ganzi kwenye sehemu zinazogusa tandiko ukipanda farasi, yaani sehemu za siri, njia ya haja na ndani ya mapaja. Kama mkojo unagoma kutoka au unatoka wenyewe. Kama haja kubwa huizuii. Kama miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Hata moja tu kati ya hizi ni dharura. Fungu la neva za chini ya mgongo huenda limebanwa. Nenda hospitali kubwa siku hiyohiyo, Mulago au ya rufaa iliyo karibu nawe. Asikuminye mtu yeyote. Kuchelewa kunaweza kukuacha na ulemavu wa maisha.

Kisha kuna magonjwa yanayojificha nyuma ya maumivu ya kiuno. Kifua kikuu kinaweza kula pingili za mgongo: jihadhari ukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, unakonda, au pingili moja imetokeza kama kinundu. Vipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali. Wale wanaopita Lyantonde na Mbarara na kunywa maziwa mabichi wajue kuna homa ya brusela, nayo hushika kiuno na nyonga. Mwanamume mzee mwenye shida ya tezi dume apimwe kwanza, maana saratani ya tezi hiyo hupenda kukimbilia mifupani. Mgongo wenye kifua kikuu, saratani, mfupa uliovunjika au mifupa iliyolika haufai kusukumwa kwa nguvu.

Baada ya maswali alinigonga magoti na visigino kwa nyundo ya mpira, akanigusa miguu kwa pamba na kwa ncha ya kijiti, akaniinua mguu. Nilikuwa na picha ya eksrei mkononi, nikampa kwa fahari. Akasema eksrei inaonyesha mifupa. Diski na neva haionyeshi. Picha ya MRI ndiyo inayoonyesha, lakini ni ghali, na watu wengi wasioumwa kabisa wana diski zilizotokeza wakipigwa picha. Angeniagizia kama mguu ungezidi kuishiwa nguvu au wiki sita zingepita bila nafuu.

Tiba yenyewe: nililala kifudifudi juu ya meza iliyokatwa katikati, nusu ya chini ikishuka na kupanda taratibu huku mkono wake umetulia kiunoni pangu. Hakukuwa na kishindo. Wiki ya pili alinilaza ubavu, goti la juu limekunjwa, akasukuma mara moja, haraka na kwa kipimo. Kukasikika "kek". Sauti hiyo ni gesi ndani ya maji ya ungio. Hakuna mfupa uliokuwa umetoka ukarudishwa, na anayekuambia hivyo anakuuzia maneno. Jioni nilisikia uchovu wa misuli, ukaisha kesho yake. Uchovu wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Ganzi mpya si ya kawaida. Ukiipata, rudi kwake au nenda hospitali mara moja.

Nilikwenda mara saba katika wiki tano. Kubalianeni tangu mwanzo kipi kitapimwa: utaweza kukaa dakika ngapi, mguu utainuka hadi wapi. Ukiombwa kulipa mara thelathini kwa mkupuo kabla hujaona nafuu yoyote, kataa. Binti yangu alinisomea mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2016: tiba ya mikono itolewe pamoja na mazoezi, isiwe peke yake. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache hata bila upasuaji. Kama Kampala ni mbali, fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ya hospitali ya rufaa itakufundisha mengi ya haya.

Kazi yako mwenyewe

Usilale kitandani siku nzima. Mimi nilianza kwa kutembea dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kwenye ardhi tambarare.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni hili. Lala kifudifudi mkekani, pumua dakika mbili. Jiinue kwa viwiko, kiuno kikiwa kimelegea, ukae hapo dakika moja. Rudia mara kadhaa kwa siku. Sasa sikiliza maumivu yanakwenda wapi. Yakitoka wayoni yakapanda gotini, kisha tako, kisha kiunoni, unaponywa, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa muda. Yakishuka kuelekea kidole, acha zoezi hilo. Si la mgongo wako. Yangu yalichukua siku tisa kutoka kidole gumba hadi juu ya goti, na kila siku mama watoto aliniuliza, "Yamefika wapi leo?"

Usiku lala ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti.

Kwenye gari, toa pochi mfukoni. Pandisha kiti hadi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, kisogeze mbele ili klachi ifike sakafuni bila kunyoosha mguu wote. Anayejivuta kuitafuta klachi anaikaza neva kila anapobadili gia. Kunja taulo au leso ya mama watoto, iweke kwenye bonde la kiuno. Simama kila baada ya saa mbili: mimi nikitoka Malaba nasimama Naluwerere, kisha Jinja baada ya daraja, kisha kabla ya msitu wa Mabira kama mguu unasema. Zunguka trela mara mbili, mikono kiunoni, jipinde nyuma mara tano. Kushuka, geuka uso uangalie kebini, viungo vitatu vishike wakati wote, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono. Usiruke. Na ukifika usikimbilie kufungua turubai wala kubeba gunia. Diski iliyokandamizwa kwa saa nyingi huenda ikaumia kwa urahisi. Tembea kwanza robo saa.

Kabla ya kurudi barabarani, kaa kwenye gari lililozimwa uwanjani. Kanyaga klachi hadi chini mara ishirini mfululizo, kisha breki kwa ghafla kama mtoto amekatiza. Mguu ukichelewa, au ukilazimika kuusaidia kwa mkono, mpe mwenzako funguo. Mimi mara ya kwanza nilifika kumi na moja nikampa. Wiki mbili baadaye nikafika ishirini.