Ukivuka Nebraska na lori, weka AM

Vijana wanaoanza lori huku Marekani wakipanda kwangu hunicheka: "Mzee, nani bado anasikiliza redio ya AM?" Mimi. Na nawaelekeza na wao.

Ukiingia I-80, barabara kuu inayovuka jimbo la Nebraska, weka redio kwenye 880. Hiyo ni stesheni ya KRVN ya Lexington, mji unaoumaliza kabla chai haijapoa, lakini mtambo wake ni wa wati 50,000. Ilianza kurusha mwaka 1951, na wenye mali ni wakulima na wafugaji wenyewe, kwa ushirika. Utasikia bei za mahindi na ng'ombe mpaka uchoke. Vumilia, hali ya hewa inakuja.

Redio ikikoroma, usiilaumu kwanza. Chaja za bei chee na inveta ya friji, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri, ndio wachawi wa AM. Chomoa kimoja kimoja huku unasikiliza. Mlio ukikatika, mchawi umemjua. Sauti ikipotea chini ya daraja, usiguse kitu, itarudi. Ila ukisikia "kraa!" ya ghafla, hiyo ni radi. Kraa zikizidi kusongana na wewe unaona anga jeupe, basi ujue unaifuata.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Tahadhari za hali ya hewa husomwa kwa majina ya kaunti, kwa hiyo lazima ujue uko kaunti gani. Mji wa Kearney uko kaunti ya Buffalo. Lexington na Gothenburg ziko Dawson. Ukitoka hapo kwenda magharibi unaingia kaunti ya Lincoln, ambayo makao yake ni North Platte. Mji wa Lincoln wenyewe, ulioupita asubuhi, uko kaunti ya Lancaster! Mimi sikuambiwa. Nilisikia "Lincoln County, mvua ya mawe", nikacheka, nikasema hiyo nimeshaiacha nyuma. Nimepita Gothenburg kidogo tu, mawe yakaanza kugonga boneti kama mtu anamwaga kokoto. Kioo kilipata ufa kutoka kona hadi kona, na bosi alinikata kwenye malipo. Tangu siku hiyo kaunti nimeziandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, kiko juu ya dashibodi.

Maneno mawili ya kushika: wakisema "watch", hali inaruhusu tufani kutokea, endelea ila tafuta pa kusimama. Wakisema "warning", imeshaonekana. Toka barabarani, na usijifiche chini ya daraja.

Jua likizama mambo hugeuka. Usiku mawimbi ya AM hudunda juu angani na kufika mbali mno, yakaingiliana, ndiyo maana stesheni nyingi ndogo hutakiwa kupunguza nguvu au kuzima. Hata KRVN usiku huelekeza mawimbi yake, isigongane na stesheni ya New York iliyo kwenye 880 hiyohiyo. Ukinasa sauti usiyoijua, subiri saa igonge: kila stesheni lazima itaje herufi za jina lake, kama KRVN, na mji wake.

Ukishaegesha, tumia redio ndogo ya betri, na izungushe taratibu kama baba alivyozungusha yake juu ya kabati akitafuta taarifa ya habari. Antena ya AM imelala ndani. Ubavu wa redio ukiutazama mtambo, sauti inakuja. Ncha ikiutazama, inakufa. Ukiipata, weka alama kwa chaki pale ilipokaa, maana ukipitiwa na usingizi utaisukuma.