Ficha rangi chini ya bekingi soda, si juu

Kama unawaandalia watoto wadogo mchezo wa sayansi jikoni msimu huu wa sikukuu, jaribu hili nililogundua juzi: dondosha matone ya rangi za chakula kwenye sahani, nyekundu hapa, kijani pale, kisha weka kikatio cha biskuti chenye umbo la nyota juu yake na ujaze bekingi soda. Inua kikatio polepole. Mtoto anaona nyota nyeupe tupu. Mpe siki kidogo kwenye kikombe na kijiko cha chai, adondoshe tone kwa tone. Siki ni asidi. Ikikutana na bekingi soda inatoa hewa ya ukaa, na mapovu yake yanachomoza na rangi ambayo mtoto hakujua ipo. Huo mshangao ndio unaomfanya aulize "kwa nini?" yeye mwenyewe, na hapo ndipo sayansi inapoanza.

Mchezo unaharibika ukiweka tabaka jembamba la bekingi soda, maana rangi hupenya na kuonekana mapema; unene wa sentimita 1 unatosha. Mtoto akimwaga siki yote kwa mkupuo, kila kitu kinaisha kwa sekunde chache, kwa hiyo usimpe chupa. Wala usitumie bekingi pauda: ina asidi yake ndani na huanza kutoa povu ikipata maji tu, hata yale ya rangi. Siki ikiingia machoni inawasha, basi kaa naye karibu, na mvalishe nguo ya kuchezea.