Jinsi ya kupima kama nguo ya jina kubwa inastahili bei yake

Mteja akiniletea shati la elfu tano lililofumuka kwapani kabla hata halijapauka, huniuma. Pesa zimelipia jina, mshono ukasahaulika. Mimi ni fundi wa nguo hapa Nairobi, na hivi ndivyo ninavyowashauri wateja wangu kabla hawajalipa kwa M-Pesa kwenye maduka makubwa ya Sarit au Two Rivers.

1. Anzia soko la mitumba la Toi au Gikomba

Nenda hata kama huna nia ya kununua mtumba. Tafuta chapa ileile unayoitamani dukani. Pale utaiona baada ya kuvaliwa na kufuliwa, jambo ambalo hakuna duka jipya litakuonyesha. Kagua kola kama imelika. Kagua mapaja ya suruali kama yameota vipele vya nyuzi. Kunjua fulana uone kama mshono wa ubavuni umezunguka ukaja mbele ya tumbo. Usihukumu kwa nguo moja, pekua kadhaa. Kisha zungumza na muuzaji: anayefungua belo la mitumba kila mara anajua ni majina gani huingia kwenye kamera, yaani daraja la kwanza, na yapi huishia kwenye fagia, yaani mabaki ya bei ya chini.

Kumbuka mambo mawili. Nguo zilizoraruka kabisa mara nyingi hutupwa kabla ya kufungwa kwenye belo, kwa hiyo unayoyaona ni manusura. Pia chapa hubadilisha viwanda na vitambaa, na shati la zamani si ushahidi wa lile linalouzwa leo. Ndiyo maana hatua inayofuata haikwepeki.

2. Geuza nguo ndani nje

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi, nawe fanya hivyo bila haya mbele ya muuzaji. Shika kitambaa pande zote mbili za mshono uvute taratibu: mwanya ukifunguka na nyuzi zikaonekana, hautadumu. Hesabu mishono ndani ya inchi moja. Kwenye shati natarajia kumi au zaidi. Tazama kama wameacha kitambaa cha akiba pembeni na kwenye pindo. Nguo iliyopigwa ovaloki (mshono wa kuzuia kingo zisifumuke) ukingoni kabisa siwezi kukuongezea ukinenepa.

Kagua sehemu zinazovutwa: pembe za mifuko, mwisho wa zipu, chini ya kwapa. Mwaka 1873 fundi Jacob Davis na Levi Strauss walipata hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani ya kutia ribiti, yaani vipini vidogo vya metali, kwenye pembe za mifuko ya suruali, kwa sababu ndipo suruali za wafanyakazi zilipokuwa zikiraruka. Bado ndipo zinapoanza kuraruka. Nataka nione ribiti au mshono mnene uliorudiwa.

Fungua na kufunga zipu mara kadhaa.

3. Soma lebo ya ubavuni

Lebo ya shingoni ni tangazo. Ya ubavuni ndiyo inayotaja pamba, polyesta au sufu, na kwa asilimia. Polyesta si mbaya kwa koti la mvua, lakini kulipa bei ya sufu kwa suti ya polyesta tupu ni kuibiwa mchana.

4. Gawanya bei kwa mara utakazoivaa

Shati la 4,500 ukilivaa mara 90 ni shilingi 50 kila mara. La 900 likichakaa baada ya mara 12 ni shilingi 75. Ila gauni la harusi moja, hata liwe na mshono bora namna gani, hesabu hii hulikataa.

5. Uliza bei kwa fundi

Piga picha ya nguo, nenda Biashara Street uulize bei ya kitambaa kinachofanana nayo, kisha umwulize fundi wako gharama ya kuishona. Duka likizidi kidogo, nunua, maana kodi ya duka na mishahara lazima vilipwe. Likizidi mara tatu na ndani hukuona kazi ya ziada, irudishe kwenye hanga.