Somo: Kufufua simu ya mezani ya kuzungusha namba

Wakuu, "nimepata simu ya zamani, nianzie wapi?" limeulizwa mno humu, kwa hiyo naandika mara moja na wengine nitawaelekeza hapa. Nazungumzia simu za Kiingereza, hasa modeli ya 706 ya mwaka 1959 na 746 ya 1967, lakini nyingine nyingi zinafanana nazo tumboni.

1. Chomoa laini. Ikitulia ina volti kama 50, lakini ikiita hupita umeme wa AC wa volti 75 hivi, na huo unatetemesha mkono.

2. Piga picha waya zote kabla ya kugusa skrubu.

3. Gamba lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Tina na petroli weka mbali. Bakelaiti nyeusi usiipige msasa, baadhi ilichanganywa na asbesto.

4. Kama wewe unasikia ila husikiki, maikrofoni ya kaboni imegandamana chembe. Itoe kwenye mkonga, igonge taratibu kiganjani huku ukiizungusha. Usiitoboe.

5. Kisahani cha namba. Soma yote kabla ya kushika bisibisi, maana hapa ndipo simu nzima huharibiwa na mtu mwenye nia njema. Ukizungusha unakaza springi. Ukiachia, kisahani kinarudi chenyewe huku kikikata laini: mara moja kwa 1, mara tisa kwa 9, mara kumi kwa 0. Kasi yake ni mikato 10 kwa sekunde. Anayeilinda kasi hiyo ni gavana, yaani vizito vidogo vinavyotanuka vikizunguka na kusugua ukuta wa kikombe. Msuguano huo ndio breki. Ukipuliza mafuta humo umeua breki, kisahani kitakimbia na namba zitakosewa. Baadaye mafuta yatashika vumbi, na kilichokuwa kinakimbia kitaanza kukwama. Futa kikombe kwa pamba yenye spiriti kidogo na ukiache kikauke. Mafuta ni ya saa tu, tone la ncha ya sindano kwenye ekseli za gia, basi. Springi kuu usiifungue bila kuhesabu mizunguko yake. Kontakti, yaani vyuma vinavyogusana na kuachana kukata laini, zisafishe kwa kuvuta kipande cha karatasi safi katikati yake. Msasa unazila, na ukizipinda hata kidogo uwiano wa mkato, yaani muda wa kukata laini na wa kuiunganisha, unaharibika.

Kupima kasi: rekodi video ya picha 120 kwa sekunde kisahani kikirudi. Kila tundu lichukue picha 12 kufika lilipokuwa tundu la mbele yake. Zikipungua, kinakimbia.

6. Vifaa vingi vya siku hizi havielewi mikato, vinataka milio. Inua mkonga, zungusha 5. Mlio wa laini usipokatika, unahitaji kigeuzi cha mikato au adapta ya simu za intaneti inayokubali mikato.

MASWALI

Mdau, Dodoma: Nimepuliza WD-40 kwenye kisahani, sasa kinarudi kwa kasi sana. Nifanyeje?

Jibu: Hatua ya 5. Futa kikombe na vizito mpaka pamba itoke safi.

Mdau huyohuyo: Hakuna njia ya haraka?

Jibu: Hakuna.

Mdau, Tanga: Shikamoo fundi. Kwa nini kasi iwe 10 hasa? Kikikimbia kidogo kuna ubaya gani?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana hilo. Upande wa pili wa waya palikuwa na mtambo wa chuma wa kuunganisha simu. Ule wa Almon Strowger, mzika maiti wa Kansas City aliyepata hataza mwaka 1891, ulikuwa na mkono uliopanda ngazi moja kwa kila mkato. Sumaku inahitaji muda wa kuvuta na kuachia. Mikato ikija haraka mno mkono unaruka hesabu, ukapiga 7 ikahesabiwa 6. Ndiyo maana katika kila milisekunde 100, simu ya Kiingereza hukata laini kwa takriban 67 na kuiunganisha kwa 33. Ukipata nafasi ya kuuona mtambo huo ukifanya kazi, simama uusikilize.

Mdau, Nairobi: Yangu ya krimu imegeuka njano. Nipake rangi?

Jibu: Usipake tafadhali. Kama ni plastiki ya aina ya ABS, haidrojeni peroksaidi na jua huirudisha. Vaa glavu, na ijaribu kwanza sehemu ya ndani isiyoonekana.

Mdau, Mombasa: Nyongeza, wakuu. Unaweza kupiga bila kisahani: gonga kitufe cha kukatia haraka haraka, mara tatu kwa 3, pumzika kidogo, kisha namba inayofuata.

Jibu: Kweli kabisa, na ni kipimo kizuri pia. Ikikubali kwa kugonga na kukataa kwa kisahani, ubovu uko kwenye kisahani. Ikikataa kote, anza na hatua ya 6 kabla ya kufungua chochote.